Isale Kwenye Kapu la Sadaka

Mpaka leo ukienda soko la Kiboriloni ukamwulizia Mama Podo, utapata mwanamke mmoja au wawili wa umri wangu watakaocheka kwanza, ndipo wakuonyeshe njia ya kuja kwangu. Jina hilo sikupewa na adui. Nilijipa mwenyewe, kanisani, kwa sauti kubwa, nikiwa nimefunga kitambaa cheupe kichwani, na hakuna aliyenilazimisha.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Kahawa ilikuwa na bei nzuri na kila nyumba huku juu mlimani ilitamani bati. Uamsho nao ulikuwa umefika usharikani kwetu. Kila Jumapili baada ya mahubiri watu walisimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Jumapili ninayoisema, mwanamke mmoja alieleza jinsi alivyoiba kuku wa wifi yake mwaka wa njaa, akalia, wifi yake naye akalia, na kanisa zima likaimba. Mwanamume mmoja akasema alikuwa akificha mbege chini ya kitanda na kuinywa kwa mrija ili mke asisikie. Naye akaimbiwa.

Mimi nilikaa pale nikijipekua moyoni kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto, nisipate dhambi yoyote ya maana. Nilikuwa na dhambi ndogo ndogo tu, za kumnung'unikia mama mkwe na kuchelewa kuzibua mfereji zamu yangu ilipofika. Hizo zisingemliza mtu.

Ndipo Mwinjilisti Zefania akarudi mbele na zaburi ile ya mishale. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyokuwa ikimtangulia mlangoni. Alisema watoto ni kama mishale mkononi mwa shujaa, na amebarikiwa yule aliyejaza podo lake. Podo ni ule mfuko wa ngozi wa kuwekea mishale. Wengi wetu hatukuwahi kuuona, maana babu zetu walishaitundika mifuko hiyo darini kabla hatujazaliwa, lakini siku ile kila mmoja aliuona. Akasema wasioamini wanampangia Mungu, mtoto huyu mwaka huu na mwingine mwaka ule, kwa mila za giza. Mkristo hamhesabii Mungu.

"Nani hapa atalijaza podo la Bwana?" akauliza.

Nikajikuta nimesimama.

"Bwana asifiwe. Mimi, Mama Elifuraha, nina watoto watano. Namwahidi Bwana kumi na wawili, kama wana wa Yakobo."

Kanisa likaimba. Waliniimbia wimbo mrefu kuliko ule wa kuku, na nilirudi nyumbani nikitembea kana kwamba njia yote ya migombani ilikuwa imefagiliwa kwa ajili yangu.

Mume wangu, Aminieli, hakuwepo kanisani. Alikuwa ameshuka tambarare kulinda mahindi yetu dhidi ya nyani. Aliporudi jioni, alikuwa ameshapata habari kwa watu watatu njiani. Alikaa akala kiburu chake cha ndizi na maharage, akafuta bakuli kwa kidole, ndipo akauliza.

"Nasikia tutakuwa kumi na wawili."

"Kumi na wanne, pamoja na sisi wawili."

"Ungeniuliza, Mama Elifuraha."

"Aliyeniuliza ni Mungu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Tambarare."

Akatikisa kichwa, akaenda kumpa ng'ombe majani. Aminieli ni mtu wa namna hiyo. Akikasirika, ng'ombe ndiye anayeshiba.

Sasa nieleze habari ya mkeka wa mama mkwe, kwa sababu bila mkeka huo hutaelewa kilichonipata. Kila nilipojifungua, mama mkwe wangu alikuja na mkeka wake akalala kando yangu, nami na mtoto, na Aminieli akaenda kulala nyumba ya mama yake. Mama mkwe alikaa hapo mwaka, akakaa wa pili, akilisha na kubembeleza, mpaka mtoto aweze kutumwa kibuyu kidogo mferejini na kurudi bila kumwaga maji yote. Siku mtoto aliporudi na maji, mama mkwe alikunja mkeka akaenda kwake, na Aminieli akarudi kwangu akiwa amekonda kidogo. Hivyo ndivyo mama yake alivyolelewa, na mama wa mama yake. Hakuna aliyekuwa akiita jambo hilo kupanga. Liliitwa adabu.

Lakini mimi sasa nilikuwa nimeahidi kumi na wawili. Mtoto wangu wa tano, Anaeli, alikuwa bado hata kukaa anaegemezwa.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "siku hizi tumeokoka. Kalale kwako tu."

Alinitazama. Akakunja mkeka pale pale, mchana kweupe. Alipofika mlangoni alirudi ndani, nikadhani anakuja kunigombeza. Aliweka kibuyu cha maziwa karibu na kitanda changu, mahali mkono wangu unapofikia, akatoka. Nimekumbuka kibuyu kile mara nyingi.

Hata kutambaa Anaeli alikuwa hajajua, nami tumbo likawa limeshaingia. Maziwa yakakauka. Anaeli akawa analia kutwa kama mtu aliyedhulumiwa, na kweli alikuwa amedhulumiwa. Mgongo wangu ukaniuma nikashindwa kumbeba. Akabebwa na Elifuraha.

Elifuraha ndiye kifungua mimba wangu. Alikuwa msichana mkimya, mwenye miguu mirefu, anayesoma hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Alikuwa amemaliza darasa la nne, na usharika wetu ulikuwa umepewa nafasi moja katika shule ya bweni ya wasichana, kilima cha mbali, ambako walisoma madarasa ya juu. Nafasi moja tu, kwa wasichana wote wa usharika. Mwalimu akamtaja Elifuraha. Neno la mwisho lilikuwa la mwinjilisti, kwa kuwa ndiye wa kupeleka jina na ndiye wa kumsindikiza mtoto.

Zefania alituita baada ya ibada, mimi na yeye Elifuraha.

"Mama Elifuraha," akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mkali, "Bwana amekuheshimu. Una mshale tumboni na mwingine bado mchanga. Nani atakusaidia? Binti anayemsaidia mama yake kulea mishale ya Bwana yuko tayari katika shule ya Mungu. Nafasi tumpe mwingine, au unasemaje? Nitangoja mpaka Januari shule inapofunguliwa, usije ukasema sikukupa muda."

Hapo nilitakiwa kusema neno la mama. Nikasema, "Amina."

Elifuraha alikuwa amesimama nyuma yangu, Anaeli mgongoni. Alimpandisha mtoto juu kidogo, akakaza kanga, tukaenda nyumbani, yeye akitembea nyuma kabisa.

Habari za podo zilishuka mlimani haraka kuliko mimi. Nilipokwenda Kiboriloni kuuza ndizi, wanawake wa sokoni walikuwa wameshanibatiza upya. "Mama Podo, karibu! Sogea huku kuna nafasi, ingawa kwa tumbo hilo utahitaji mbili!" Bernadetha ndiye aliyekuwa akiongoza. Alikuwa jirani yangu wa pale sokoni, Mkatoliki wa upande wa Kibosho, mama wa watoto tisa, mwenye kicheko kinachoangusha mafungu ya nyanya.

"Shoga," akasema, "sisi Wakatoliki tunazaa tu. Hatutangazi."

"Mimi nimemwahidi Bwana, kama wana wa Yakobo."

"Yakobo yupi?"

"Yakobo ni mmoja tu, Bernadetha. Wa kumi na wawili."

"Huyo alikuwa na wanawake wanne." Akaanza kupanga ndizi zangu, maana mimi kuinama sikuweza tena. "Padri alituambia. Wake wawili na vijakazi wawili, wakigawana kazi ile. Wewe umeahidi kuifanya peke yako, na bado unauza ndizi. Nyinyi mnaosoma Biblia wenyewe, hilo hamkuliona?"

Kweli sikuwa nimeliona. Nikaendelea kuuza ndizi. Jioni tulipoagana, Bernadetha alinitwika kapu kichwani na kunisukuma mgongo kidogo mpaka kwenye kona ya kupandia mlima, ingawa kwake ni njia nyingine kabisa.

Nilianza kutafuta pa kutokea. Nikawaza: labda podo ni mfuko mdogo. Labda unajaa kwa mishale sita, na mimi nimeshamaliza kazi. Katika ukoo wa Aminieli, aliyewahi kuliona podo kwa macho yake alikuwa mama mkwe. Nikaenda kwake nikijifanya nimepita tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechoka."

"Sijachoka. Mama, baba yako si alikuwa na podo?"

"Alikuwa nalo."

"Lilikuwa likiingia mishale mingapi?"

Akafikiri, huku akimenya ndizi. "Thelathini."

"Thelathini!"

"Alikuwa mwoga sana," mama mkwe akasema. "Kaka yake alikwenda na mitatu."

Nikarudi nyumbani nikiwa mjinga zaidi kuliko nilivyokwenda.

Aliyenisaidia miezi ile ni Esther, mke wa Mwinjilisti Zefania. Esther alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na baada yake hakupata tena. Nilipokuwa naimbiwa siku ile ya ahadi, Esther alikuwa benchi la mbele, na mimi sikumwangalia. Tumbo liliponielemea, yeye ndiye aliyekuja kila siku ya kufua, akachukua nguo zetu pamoja na za kwake, akazipeleka mferejini kabla jua halijapanda.

Siku moja nilimfuata, nikakaa juu ya jiwe nikimtazama anavyopiga nguo.

"Mama mchungaji," nikamwambia. Tulimwita hivyo kwa heshima, ingawa mumewe hakuwa mchungaji. "Huwa unajisikiaje, akihubiri ile ya mishale?"

Akakamua shati la Aminieli, akalikamua tena ingawa lilikuwa limekwisha maji.

"Akihubiri ile," akasema, "siku hiyo jioni ananichotea maji ya kuoga mwenyewe. Anayapasha moto, ananipelekea uani. Hasemi kitu. Siku nyingine ninachota mwenyewe." Akatandaza shati juu ya ua. "Zefania si mtu mbaya, Mama Elifuraha. Mdomo wake tu ndio unafika kabla yake."

Tulicheka, wote wawili. Mimi nilicheka nikajishika tumbo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Elifuraha wako alikuja kwangu kuazima kitabu. Alikisomea mlangoni, amesimama, kwa sababu akikaa Anaeli anaamka."

Mtoto wa sita alizaliwa mwezi wa Oktoba, na alikuja vibaya. Sitaeleza mengi. Esther alikuwepo, akinishika kwa mikono ile mikubwa, na nilipofumbua macho baadaye nilimwona mama mkwe ameketi kando ya kitanda, mkeka wake umeshatandikwa. Sikuwa nimemwita. Baada ya niliyomwambia, nisingethubutu.

"Nimekuja kwa mtoto," akasema. "Sikuja kwako." Na huku anasema hivyo alikuwa ananilisha mtori kwa kijiko, anaupuliza kwanza, kijiko kwa kijiko.

Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Hafanyi kazi, hatoki nje, anapewa mtori na maziwa na mafuta mpaka anenepe, na siku anapotoka watu wanaona kwamba ana watu. Kwa hiyo nilikaa kitandani na mtoto wangu, ambaye watu walishamwita Mshale kabla hajabatizwa, na kazi yangu ikawa kutazama nje kupitia mlango.

Nje alikuwa akipita Elifuraha. Anapita na majani ya ng'ombe, anarudi na kuni, anapita na maji, na muda wote Anaeli yuko mgongoni. Anaeli alikuwa mgumu kulala. Wasichana wengine huimbia watoto. Elifuraha alimbembeleza kwa jedwali la kuzidisha. Alitembea uani huku na huku, akijitikisa kidogo, "saba mara sita, arobaini na mbili, saba mara saba, arobaini na tisa," kwa sauti ya mtu anayeimba wimbo wa kulaza, na Anaeli alikuwa hafiki kumi hata siku moja. Sasa huyo Anaeli ni karani wa mahesabu, na mkewe ananiambia akisoma tarakimu jioni anasinzia.

Nilicheka mara ya kwanza. Siku zilizofuata sikucheka. Nilianza kuhesabu mwenyewe, mimi niliyeambiwa Mkristo hamhesabii Mungu. Kumi na wawili, toa sita. Kila mmoja na mgongo wa kumbeba. Na huo mgongo nilikuwa nauona kupitia mlangoni.

Sikukuu ya Krismasi ilipokwisha, asubuhi moja mama mkwe akiwa jikoni pale pale ndani anakoroga mtori, Elifuraha aliingia. Kwa mara ya kwanza Anaeli hakuwa mgongoni, alikuwa ameketi mlangoni anakula ndizi. Elifuraha akapiga magoti kando ya kitanda changu. Akaweka kitu juu ya mapaja yangu.

Jani la isale.

Isale ni majani yale marefu ya kijani tunayopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Si chakula, ng'ombe halili, wala hayauzwi. Lakini mtu akikukosea, hata awe amekuumiza vipi, akikuletea isale huwezi kumkataa. Mzee hakatai, hata mangi, mtawala wetu, hakatai. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta.

Nikashtuka. "Elifuraha, umefanya nini?"

"Bado sijafanya, Mama."

"Sasa isale ya nini?"

"Nataka kwenda shule." Alisema akitazama godoro. "Nikienda utabaki na Anaeli na mtoto, na wadogo. Utachoka. Naomba unisamehe kabla sijakukosea."

Nikaligeuza lile jani. Lilikuwa limekatwa kwa mundu, mkato mmoja safi, wa mkono uliokata majani ya ng'ombe miaka mingi. Mkono wa Elifuraha haukuwa umefika huko.

"Nani amekufundisha kuleta isale kwa mama yako mzazi?"

"Hakuna," akasema Elifuraha.

Jikoni, mtori ukaanza kukorogwa kwa kasi.

Nikalipokea. Ningefanyaje? Nililipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na Elifuraha akainamisha uso wake kwenye blanketi langu, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Nilimshika kichwa. Nywele zake zilikuwa na majivu na vipande vya majani, na zilinuka maziwa ya Anaeli.

Lakini kupokea kwangu hakukutosha. Nafasi ilikuwa mkononi mwa Zefania, na Zefania alikuwa na ahadi yangu, na kanisa zima lilikuwa limeiimbia. Mama aliyeahidi mishale sita zaidi anapelekaje yaya wake bweni? Angempa mwingine, na asingekosea.

"Mama," nikamwuliza mama mkwe Elifuraha alipotoka, "mtu akimkosea Mungu, isale anampelekea nani?"

"Mimi nijue nini? Nilibatizwa mzee, hata kusoma sijui." Akanipa bakuli. "Ila huyo Zefania wako alizaliwa kihamba cha pili kutoka hapa. Nilimfuta makamasi. Isale anaijua. Kunywa, unapoa."

Siku ya kutoka ndani ilikuwa Jumapili, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Nilinenepa vizuri, mama mkwe alijitahidi. Nikavaa kitambaa kile kile cheupe, nikambeba Mshale kifuani, na chini ya kanga, kati yangu na mtoto, nilikuwa na lile jani. Aminieli tena hakuwepo. Nyani walikuwa wameingia mahindi.

Zefania alifurahi kuniona. Aliniita mbele, akawaambia watu kwamba huu hapa mshale wa sita, na mama yake atatushuhudia. Watu walikuwa wameshaanza kukohoa kusafisha koo, tayari kuimba.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mwaka juzi nilisimama hapa nikaahidi watoto kumi na wawili. Sikumwuliza Mungu. Sikumwuliza mume wangu, ninyi mnamjua, alikuwa tambarare. Sikumwuliza Elifuraha, na yeye ndiye aliyewabeba. Nilitaka kuimbiwa. Mliimba vizuri, nawashukuru." Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. "Hawa sita nimewapokea kwa furaha. Wengine Mungu akitaka kunipa, Yeye anajua nyumba yetu ilipo. Lakini ile ahadi naomba kufunguliwa. Na Elifuraha naomba aende shule."

Nikachukua jani chini ya kanga, nikaliweka kwenye kapu la sadaka lililokuwa mezani, juu ya mayai ya watu.

Kisha benchi la wazee likaanza kunong'ona: isale, kanisani, mbele ya msalaba. Zefania mwenyewe alikuwa amehubiri mara ngapi kwamba majani yale tuyaache mipakani. Alilitazama lile jani kama mtu aliyekuta nyoka kwenye godoro lake. Hakuligusa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akataja wimbo, na wimbo alioutaja ulikuwa wa Krismasi, nasi tukauimba hivyo hivyo, Januari, mwanzo hadi mwisho.

Nikarudi kukaa. Elifuraha alikuwa karibu nami na hakunitazama, ila mkono wake ulikuja ukashika ncha ya kanga yangu, kama alipokuwa mdogo.

Baada ya ibada ulikuwepo mnada nje, kama kawaida. Mtu asiye na senti huleta mayai, au maziwa, au mkungu wa ndizi, na wenye senti huvinunua. Mzee wa kanisa aliyeuza alikuwa na macho mabovu. Akauza mayai. Akauza kibuyu cha maziwa. Akatia mkono kapuni, akainua.

"Na hii hapa… mboga gani hii? Ndefu, mbichi kabisa. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Mzee akalisogeza karibu na pua. Mkono wake ukasimama hewani.

"Hii ni isale," akasema polepole.

"Hiyo anza na ng'ombe dume!" mtu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka kwa ile njia ya watu wanaoogopa. Mimi nilitamani ardhi ya mlima inifunike. Mama mkwe alikuwa amesimama chini ya mgrevilea, mikono kifuani, akimtazama Zefania jinsi anavyotazamwa mtoto ambaye bado hajasema shikamoo. Na kwa upande mwingine, Esther naye alikuwa akimtazama. Yeye alimtazama kwa upole tu, na nadhani hilo ndilo lililomshinda.

Zefania akapita katikati ya watu. Akafuta viganja vyake kwenye kanzu.

"Hilo haliuzwi," akasema. "Lililetwa kwangu."

Akanyoosha mikono miwili, yote miwili, akalipokea kwa yule mzee, akainamisha kichwa kidogo kama baba yake angefanya.

"Nimelipokea," akasema. Halafu kwa sababu alikuwa mhubiri na hawezi kuacha jambo hapo, akageuka kwangu. "Lakini usizoee, Mama Elifuraha."

Ndipo watu wakacheka kweli. Yeye akamtafuta Elifuraha kwa macho.

"Wewe. Sanduku lako liwe tayari Jumatano alfajiri. Jedwali la kuzidisha unalijua?"

"Analijua mpaka Anaeli," mama mkwe akajibu kutoka chini ya mgrevilea.

Jumatano nilimbebea sanduku mwenyewe mpaka Kiboriloni, kwenye lori. Mama mkwe alibaki na watoto. Zefania alitangulia mbele amevaa kofia, na Esther alikuwa amemfungia Elifuraha kitabu kile cha kuazima ndani ya gauni lake la pili, asirudishe. Sokoni Bernadetha alituona kwa mbali, akaja na kichane cha ndizi mbivu, akampa mtoto.

"Mama Podo!" akaita ili soko zima lisikie. "Leo unarusha mshale wa kwanza! Angalia usije ukapiga mtu!"

Nilitaka kumjibu neno kali. Badala yake nililia, na Bernadetha akanifuta kwa kanga yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imefutia nyanya, nikarudi nyumbani na uso mwekundu.

Mkeka wa mama mkwe ulikaa kwangu mpaka Mshale alipoleta kibuyu chake cha kwanza kutoka mferejini, nusu kimemwagika. Mama mkwe akasema nusu inatosha. Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa saba. Ahadi nilikuwa nimefunguliwa, ni kweli, na Mungu alikuwa amepokea isale yangu, lakini Aminieli hakuwepo kanisani siku ile. Tukamwita Esther.

Elifuraha alikuja likizo, mrefu kuliko mimi, akifunga viatu kwa kamba. Akamchukua mdogo wake mikononi, akamtazama sana, akamnusa.

"Mama," akasema, "huyu sasa ni wa ngapi?"

Nikamwambia Mkristo hamhesabii Mungu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na mkeka wake kwapani, ndiyo kwanza anaingia. Alicheka mpaka akalazimika kuuweka chini.